Mteja Ambaye Kasuku Hakumleta

Mnana alikuwa fundi wa kusuka viota vya nyasi, na Kasuku alikuwa mpiga mbiu. Walikuwa wamepatana hivi: ndege anayetafuta kiota, Kasuku humpeleka kwa Mnana, na ndege anayetaka kujulikana anakoishi, Mnana humpeleka kwa Kasuku. Wakaelewana misimu mitatu bila neno.

Siku moja Mnana akasikia kwamba Kasuku amempeleka Bi Korongo kwa Fundichuma, yule ndege ajengaye kwa vijiti. Roho ikamuuma. Akaruka hadi kwa mwenzake.

"Ndugu yangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Mbona basi mteja mkubwa vile umempa mwingine?"

"Kwa sababu ni mkubwa," Kasuku akasema. "Hebu niambie kweli, nyasi zako zingembeba Korongo na mayai yake?"

Mnana akafikiria mwili ule mzito, akafikiria mayai yakianguka. "Zisingembeba," akakiri kwa sauti ndogo.

"Mimi hulisifu jina lako kila asubuhi. Ningelivunjaje kwa mdomo huuhuu?"

Mnana akainamisha kichwa. "Nisamehe. Nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe? Kwanza fanya haraka. Fundichuma amemwambia Chiriku kwamba vijiti vyake ni vizito mno kwa makinda wadogo, akamwelekeza kwako. Yuko njiani na mumewe."

"Mungu wangu, na sijakata hata ujani mmoja!" Mnana akacheka, akaruka mbio kutafuta nyasi.