Bangili ya Mwajabu

Hii hamtaniamini, ila bangili ya kazini ilitikisa ndoa ya Mwajabu kwa neno moja tu.

Siku hizo, mfanyakazi akifanya zaidi ya aliloajiriwa kufanya, bangili yake inataja kilichomsukuma. Mwajabu, mfua mashuka wa hospitali, akimshonea mgonjwa shuka lililochanika, yake inasema, "Huruma." Msimamizi wake akibeba ndoo mbele ya wakubwa, yake inasema, "Cheo," na watu wanacheka mpaka machozi.

Jioni moja Mwajabu akasahau kuivua getini. Nyumbani akampigia pasi mumewe, Sefu, shati la kesho, kama kawaida yake. Bangili ikasema, "Woga."

Pasi ikaanza kuunguza kola.

"Woga wa nini, mama Nunu? Nimewahi kukupiga mimi?"

"Hujawahi. Ila shati likiwa na kunyanzi, hunisemeshi siku mbili."

Sefu akatazama chini, kisha akanyoosha mkono. "Hebu nivalishe na mimi, tuone."

Akaivaa, akakusanya vyombo, akaanza kuosha. Miaka tisa ya ndoa, hajawahi kuosha hata kikombe. Kitaa cha bangili kikawaka, kile kinachowaka kabla haijasema. Mwajabu alitamani kusikia "upendo". Lakini mkono wake ukatangulia, ukauzamisha mkono wa Sefu na bangili yake kwenye maji ya sabuni, isisikike.

"Mbona hivyo?" Sefu akauliza.

Mwajabu akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani.

Wewe je, ungeiacha iseme?