Jina Lile

"Jina yake?" karani wa vizazi aliuliza kutoka nyuma ya kioo.

"Jina *lake*," Diploma alimsahihisha, kabla hajakumbuka kwamba mtoto si wake. "Ngeli ya LI-YA, dada yangu."

Karani alimtazama kitambo. "Mkishaelewana mtaniita," akasema, akarudi kwenye kikombe chake cha chai.

Mtoto alikuwa wa kaka yake. Wakarudi kwenye benchi: wifi na kichanga chake, kaka katikati, baba yao mwishoni na kofia gotini. Diploma alibaki amesimama, kama mwalimu wa zamu.

Nyumbani walimwita Diploma kwa sababu mbili. Kwanza, aliisomea lugha, na kila walipomtania kwa neno hilo aliwaambia linaitwa "stashahada," nao wakazidi kumwita Diploma. Pili, baba yao hakuwahi kutamka jina lake halisi bila kucheka. Diploma alikiheshimu kicheko hicho. Aliamini ni namna ya mzee ya kumlilia marehemu mkewe.

Maana ni mama aliyempa jina hilo. Mama aliyekuwa mwalimu, aliyesahihisha hata matangazo ya misiba, na aliyefariki kabla bintiye hajamwuliza lina maana gani. Diploma hakuwa na mtoto. Alitaka jina hilo walau lipate mtu mwingine mmoja wa kulibeba.

"Wifi, leo ndiyo leo," mke wa kaka alisema. "Niambie maana yake, nampa mwanangu. Ukishindwa, nampa jina ya bibi yangu."

"Jina *la* bibi yako."

"Umeona? Unaomba huku unachapa."

"Nimeshakwambia maana yake."

"Mwezi uliopita ulisema lilikuwa la malkia."

"Alikuwepo."

"Juzi ukasema ni mto."

"Malkia alizikwa kando ya mto."

Kaka alikohoa ili asicheke.

Si kwamba Diploma hakufanya utafiti. Aliwahi kuwahutubia walimu wenzake kuhusu asili ya jina lake katika lugha iliyokwisha kufa, nao wakapiga makofi kwa furaha, kwa kuwa chai ilikuwa imefika. Wanafunzi walipolifanyia mzaha aliwajibu kwamba kufanana kwa sauti si undugu. Alilitafuta hata mtandaoni, aone limeenea kiasi gani duniani. Alimkuta mtu mmoja tu mwenye nalo: yeye mwenyewe, kwenye picha ya mahafali, amefumba macho.

"Baba, nisaidie," akamgeukia mzee. "Mama alikusudia nini?"

Mzee aliizungusha kofia yake. "Jina lile lilitoka kinywani mwa mama yako, mwanangu. Mbele ya dirisha kama hili hili. Mimi nilikuwepo tu."

"Alilitamkaje?"

Mzee alifikiri. "Kwa ukali."

"Unasikia, wifi? Kwa ukali! Hilo ni jina la kishujaa!"

"Basi yameisha," wifi alisema, akimfunika mtoto vizuri. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliouma. "Nakupenda, wifi yangu. Lakini mwanangu akija kuniuliza kwa nini anaitwa hivyo, siwezi kumwambia ni mto wenye hasira."

Diploma alitaka kusema kitu kuhusu mito. Akaukodolea macho mkono wa mtoto, ngumi ndogo kama kitufe cha koti.

"Sawa," alisema. "Mtoto ni wako." Akaketi, akaapa kimoyomoyo kutofungua tena mdomo mpaka wafike nyumbani. Mdomo ndio uliomponza. Laiti angesema tangu mwanzo kwamba hajui, pengine wifi angemwonea huruma.

"Haya, wenye mtoto!" karani aliita, kalamu mkononi. "Jina?"

Kaka alisogea dirishani. Ndoa ilikuwa imemfundisha asiamue jambo peke yake, kwa hiyo akageuka na kumpazia mkewe sauti kuvuka ukumbi: "Mama, sasa tumpe ipi?"

Diploma alifumba macho. Alivumilia.

Mtoto akaanza kulia. "Ile tuliongea jana!" wifi akajibu kwa kelele.

Diploma alibana midomo. Alijaribu. Kweli alijaribu.

"LILE!" alifoka, na ukumbi mzima ukanyamaza. "Jina ni *lile!*"

Kalamu ikakwaruza karatasi. Muhuri ukashuka, kishindo kimoja.

"Nimeshaandika," karani alisema, akimtazama Diploma kwa adabu ya mtu aliyekwisha kurekebishwa. "Kama ulivyolitamka, mwenye lugha. L, i, l, e."

Kaka aliinama dirishani, akasoma, akasoma tena. "Lakini hilo si jina la dada?"

Kwenye benchi, mzee alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika.

"Hata mimi nilisema 'ile,' mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Mama yako akanisahihisha."