Fomu ya Aliyekimbia

Hebu niambie, umeshawahi kumwona mtu akikimbia ili apone mwingine?

Basi saa kumi na mbili na robo asubuhi, mshauri wa wanafunzi alikuwa kwenye ngazi za uwanja wa chuo, anafunga kamba za raba zake mafundo mawili mawili. Kando yake binti wa mwaka wa pili alikuwa bado anatafuta tundu la kwanza la kamba.

Binti huyo huzuni ilikuwa imemlaza. Mwezi mzima darasani hakuonekana, na chakula alikuwa anakisogezasogeza tu. Kamati ya chuo ikakata shauri: dawa yake ni mbio, akimbie wiki nane na mshauri, ajaze fomu kila Ijumaa. Alama zikipanda, abaki. Zisipopanda, afungashe virago arudi kwao.

"Wewe mwenyewe unataka nini, mwanangu?" mshauri alimuuliza siku ile ya kwanza.

Binti akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Haya, utaniambia tukirudi. Nifuate." Mshauri akatoka mbio.

Hakugeuka nyuma. Ndivyo alivyofundishwa kazini: mgonjwa asijione anachungwa. Alizunguka ukuta wote wa chuo, akaishia kwenye bomba nyuma ya ngazi, akaingiza kichwa chote majini. Alipoinua uso, binti yupo, anamnyoshea taulo, mkavu, hana tone la jasho.

"Ujana raha," mshauri akasema, anahema kama mvukuto. "Mimi mwenzio nimeyeyuka."

Kisha wakanywa chai ofisini, mshauri macho kwenye mafaili yake. Mshauri chai yake ilipoa mezani. Ilikuwa miezi mitatu tangu amzike mumewe, lakini hilo halikuwa jambo la kamati.

Ijumaa binti alijaza fomu kwa mwandiko wa kupendeza. Juu iliandikwa: Hali ya Aliyekimbia. Chini akaweka: *Macho mekundu. Chai hakumaliza. Hajacheka. Alama mbili kwa kumi.*

Mshauri akaisoma, roho ikamuuma. Jumatatu akaongeza mwendo.

Wiki ya nne: *Chai kamaliza, na mkate. Alama tano.* Mshauri akapiga kofi mezani. Wiki ya sita: *Amecheka mara mbili, mara moja peke yake. Alama saba.* Wiki ya nane mshauri aliingia ofisini anaimba, sketi imeanza kumpwaya, akakuta fomu inamsubiri: *Anaimba. Alama tisa.*

Akaipeleka kwenye kamati mwenyewe pamoja na zile saba, mbio. Mwenyekiti akasoma zote nane, akavua miwani. "Dawa yenyewe ndiyo hii," akasema, na barua ikapigwa muhuri.

"Unabaki, mwanangu," mshauri akamwambia binti, akimwekea barua mkononi. "Umepona. Mbona hufurahi?"

Binti akaitazama barua. Akazitazama raba za mshauri, zilizolika visigino. Kisha akazitazama zake. Soli zilikuwa nyeupe vilevile kama siku zilipotoka kwenye boksi.

"Alama hizo ni zako, mama. Fomu iliuliza habari za aliyekimbia, nami nikaandika nilichokiona," akasema. "Mimi nilitaka tukae tu, tuongee. Ila kila asubuhi nikifungua mdomo, wewe umeshatoka mbio."