Ridhaa ya Shangazi

Tangu Mkataba wa Ulinganifu wa Elimu ya Juu, mtu ambaye chuo chake hakikulinganishwa haruhusiwi kutoa kauli katika makubaliano yoyote. Stashahada yangu ni ya chuo cha Kiswahili, ambacho hakikulinganishwa. Nimevishwa bangili ya kijivu, alama ya wasio na kauli.

Profesa Haidari alikuja kumposea mwanawe binti wa kaka yangu, Mwanakheri. Profesa huyo ndiye aliyeandika utangulizi wa Mkataba: "Kwa moyo wa udugu, hakuna atakayeachwa nyuma." Alimsifu binti mpaka kaka akalainika.

"Kwetu binti haolewi mpaka shangazi yake aridhie," kaka akasema. "Haya, Raya."

Nikainua mkono wenye bangili.

Profesa akacheka. "Aa, dada yangu, hayo ni ya vyuoni."

"Uliandika 'yoyote', Profesa. Neno pana hilo, na posa imo."

"Basi itikia kwa kichwa tu."

"Ukane Mkataba mbele ya mashahidi hawa, nami nitaridhia sasa hivi."

Kila mtu pale alijua kwamba anayeukana huvishwa bangili. Profesa akaishusha mikono ya kanzu yake.

"Kwa moyo wa udugu…" akaanza.

"Hiyo tumeisoma."

Waliondoka bila kugusa halua. Nilitamani kupiga vigelegele.

Mwanakheri akatoka nyuma ya pazia, macho makavu.

"Umemkomesha, shangazi. Lakini mwanawe nilimtaka."

Mpaka leo ananiamkia kwa adabu zote, lakini usoni hanitazami.