Kitunguu Kimoja

Kisu kilivunjika kwenye kopo la rangi, Jumatano asubuhi, na hakikupiga hata kelele ya maana.

Fundi bomba alibaki ameshika mpini, ncha imenasa kwenye kifuniko. Mfukoni alikuwa na bisibisi tatu. Tatu nzima! Lakini kwa uvivu wa kuingiza mkono mfukoni, alichukua kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa kisu cha marehemu baba mkwe wake.

Kisu chenyewe si cha dukani. Mzee alikuwa seremala, na mwaka wake wa mwisho, mikono ikiwa imeshaanza kutetemeka, alikata ncha ya msumeno wake akamchongea binti yake kisu cha jikoni. Ndicho kitu pekee alichomwachia. Binti huyo, mke wa fundi, alikiosha mwenyewe, akakifuta mwenyewe, akakifunga kwenye kitambaa.

"Mume wangu, vyote vya nyumba hii ni vyako," aliwahi kumwambia. "Hicho tu niachie."

Asubuhi hiyo alikitoa kukifuta, akachelewa kazini, akakiacha mezani. Alikitoa kwa sababu Jumamosi mama yake anakuja.

Na mama mkwe akija, kabla hata ya kunywa maji, huomba kisu cha mumewe. Hukata kitunguu kimoja, hukiweka kisu mezani, hunyamaza. Binti naye huinamisha uso. Fundi hutoka nje kwa heshima, awaache na marehemu wao.

Basi afanyeje? Aseme? Alijaribu, jamani. Jioni mke aliporudi kutoka kwenye cherehani yake, fundi alikohoa.

"Mke wangu."

"Abee."

"Chai... ina sukari?"

"Una nini leo? Umenywea kama kuku aliyenyeshewa."

Kitambaa kilikuwa kabatini, kimefungwa vizuri. Ndani yake kulikuwa na kijiko.

Alhamisi, mke alipotoka tu, fundi aliushusha msumeno wa mzee kutoka stoo. Mama mkwe alimkabidhi kwa mikono miwili baada ya mazishi. "Wewe ndiye fundi tuliyebaki naye, baba. Tutunzie." Sasa anautunza kwa kuukata. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na hakukuwa na mtu wa kumwona.

Hakuwa na tanuri la mhunzi, wala hakulihitaji. Chuma cha msumeno huja kimeshakomazwa kiwandani. Kazi ni kupunguza kisichotakiwa bila kukichemsha, maana kikipata moto kikageuka buluu, ukali ndiyo basi tena. Aliunganisha vipande vya kile kilichovunjika, akafuatisha umbo kwa penseli, akaubana msumeno kwenye jiliwa, akakata taratibu kwa msumeno mwingine wa kukatia chuma. Kisha akashika tupa, akasugua kingo. Kila baada ya dakika chache alitumbukiza chuma kwenye ndoo ya maji. Viganja vikatoka malengelenge.

"Unastahili," alijiambia. "Endelea."

Jambo moja lilimshangaza. Juu ya msumeno tupa iliteleza, ikalia, ikabidi aikandamize kwa kifua. Lakini alipoigusisha kwenye kisu kilichovunjika, ilizama kama kwenye sabuni. Chuma kile kile cha mzee mmoja! Akasema labda chuma nacho huzeeka, akaendelea. Mwenye hatia hana nafasi ya kushangaa.

Ijumaa alichonga mpini kwa mbao ya mshikio wa msumeno, akatoboa matundu, akagonga misumari ya shaba. Akausugua ubapa kwa ndimu na majani ya chai hadi ukaingia weusi wa kizee. Mwisho akanoa kwenye jiwe, akakijaribu mkononi. Kikanyoa vinyweleo, safi kabisa.

Angefurahi, lakini alijisikia mwizi. Mwanzo alikuwa amevunja tu, na kuvunja ni bahati mbaya. Sasa amedanganya, tena kwa mkono wa marehemu. Usiku kucha mkewe alikoroma kwa amani pembeni yake, na kila mkoromo ulimchoma.

Jumamosi mama mkwe aliingia, akasalimia, akakalia kiti chake cha siku zote.

"Nipeni kisu cha mume wangu."

Mke alileta kitambaa, macho chini. Safari hii fundi hakutoka nje. Alisimama jikoni, akijisemea kwamba yule mama akiuliza neno moja tu, anasema yote.

Mama alikata kitunguu. Kisu kikapita hadi kwenye ubao kama hakijakutana na kitu. Akasita. Akachukua kitunguu cha pili. Akachukua cha tatu, naye hajawahi kuzidisha kimoja. Kisha akakiinua kisu karibu na sikio, akakipiga kwa ukucha. Kikalia mlio mwembamba, mrefu, kama msumeno uliopigwa kidole. Machozi yakamtoka, na si ya vitunguu.

Fundi akasogea mbele. "Mama, nisamehe. Mimi ndiye..."

"Ngoja kwanza, baba." Mama akamgeukia binti yake. "Mwanangu, miaka sita nakata kitunguu kwa kile kibati chako cha bandia, nasubiri uniambie kwa mdomo wako kwamba kisu cha baba yako ulikipoteza. Hebu niambie, leo umekipata wapi?"

Mke alikuwa amemkodolea macho mumewe, na mumewe alikuwa ameshageukia jiko, anakoroga sufuria isiyo na kitu.