Bibi Harusi Anayesamehe Haraka

Ayen alikuwa ameandika vipande saba vya kuendeleza tamthilia ya runinga kuhusu bibi harusi na mama mkwe wake mkali, na mashabiki wenzake wa Facebook hawakumjibu ila neno moja: "Tamu." Hata mpishi wa matanga huambiwa chumvi imezidi!

Basi leo, kwenye kibanda cha kuchaji simu Kakuma, alikaa, akasimama, akaamua kuvifuta vyote. Simu ilikuwa moto kiganjani kama chapati. Kidole kilikuwa karibu kugusa kitufe cha kufuta ujumbe wa msomaji mmoja, mwanamke wa Lodwar, ulipoingia kwa salamu ya Kiturkana.

"Ejok, dada. Huyo bibi harusi wako anasamehe haraka mno. Kwani wewe huna mama mkwe?"

Ayen alicheka mpaka mwenye kibanda akageuka. Kisha akaandika:

"Ninaye. Ndiyo maana naogopa kuandika ukweli. Anza wewe kumwandika wako, mimi nitaendeleza."