Nionyeshe Ulivyofanya

"Hivi, Baba Gideon, lile komeo lako walilifunguaje?"

Martini alimuuliza jirani yake Bonaventura hivyo mara moja tu, siku walipovuka mpaka kwa miguu kuingia Kigoma. Hakurudia. Bonaventura alikuwa msituni anapasua mbao siku watu wa mapanga walipoingia nyumbani kwake kule Burundi, wakamuua mke wake na Gideon, mtoto wa miaka sita. Mungu awapokee. Martini ndiye aliyewahi kufika. Aliwakuta wamelala katikati ya nyumba, damu imefika kizingitini. Mlango ulikuwa wazi. Komeo la mninga, nene kama mkono wa mwanamume, lilikuwa sakafuni, zima, halina hata mkwaruzo.

Aliyelichonga komeo hilo ni Bonaventura mwenyewe.

Sasa alikuwa Mwandiga, huko Kigoma, nyuma ya kanisa la kigango, ambako wajane wakimbizi walijengewa vyumba kumi na viwili vya udongo. Majambazi walikwishavamia vitatu. Mjane mmoja, Devota, walimpasua taya kwa panga kwa sababu ya nusu debe la unga. Padri akamwomba Bonaventura atengeneze milango, naye akaitengeneza. Makomeo ndiyo alikuwa hayatoi.

"Wanawake wanalala mlango wazi, fundi," padri alimwambia. "Unangoja nini?"

"Nikiwapa la kufunguka, Padri, nitakuwa nimewaua mimi."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakuanza na mbao, alianza na mtu atakayeushika mlango. Alisimamisha mlango mmoja wa majaribio kwenye kibanda kitupu, akawaita wajane mmoja mmoja. Wala hakutaka kusimuliwa.

"Mdomo unasahau," alisema. "Simama ulipokuwa umesimama siku ile, fanya ulivyofanya. Nionyeshe."

Devota aliingia, taya limefungwa kitambaa. Nje, Martini akaanza kuubamiza mlango kwa gogo. Devota akavikosa vishikio vya komeo mara tatu. Bonaventura akavitanua midomo. Elida, mjane wa pili, alijikunja chini na mtoto mgongoni, komeo likawa juu mno kwake. Bonaventura akalishusha mpaka usawa wa kiuno. Komeo la tatu lilipasuka katikati. La nne lilibaki zima, fremu ikang'oka na vipande vya ukuta.

Kwa la tano, Martini alitupa gogo akachukua shoka. Aliambiwa basi, hakusikia. Alikata huku akitukana watu wasiokuwepo, akiwataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, mpaka mpini ukalowa damu ya viganja vyake. Wanaume wawili walimrukia wakamwangusha, naye akiwa chini bado anarusha mateke. Ubao wa juu ulikuwa umechanika. Komeo halikusogea.

"Hilo limesimama," Martini alisema alipopata pumzi. "Shetani mwenyewe atatafuta dirisha."

"Hata la kwangu lilikuwa hivyohivyo," Bonaventura akajibu, akaendelea kulipapasa.

Aliyebaki ni Leonia, mjane waliyetoka naye kilima kimoja kule Burundi. Tangu wafike, ndiye aliyekuwa akimpikia Bonaventura uji na kumfulia, wala hakuwahi kumwomba kitu. Watu waliwatania kwamba padri yupo karibu, wasimchoshe kwa kungoja. Lakini kila alipoitwa mlangoni alikuwa na kazi: kuni, maji, mgonjwa wa kutazamwa. Siku tano nzima.

Safari hii alikuja.

"Haya, Leonia. Wewe siku ile ulikuwa upande gani wa nyumba?"

"Ingia wewe," alisema. "Ufunge."

Bonaventura alidhani anataka kuusukuma mlango apime nguvu yake. Akaingia, akashusha komeo, likakaa sawasawa.

Nje, Leonia alivua kandambili zake. Alijifunga khanga vizuri, kama mtu anayekwenda kukomunika kanisani.

"Martini, njoo usimame nyuma yangu. Nishike hapa kisogoni."

Martini alimshika, kwa upole.

"Sivyo. Kwa nguvu, kucha ziingie. Na hilo shoka uniwekee shingoni."

"Mama, acha mambo hayo."

"Weka. Fundi amesema tuonyeshe."

Martini akaliweka. Makali ya shoka yakachora mstari mwembamba wa damu chini ya sikio la Leonia. Devota akaanza Salamu Maria kwa lile taya lake, maneno yakitoka nusunusu.

Leonia alinyoosha kidole kimoja. Akagonga polepole, kama mwanamke aliyekuja kuomba kaa la moto kwa jirani.

"Mama Gideon," aliita, sauti tulivu kabisa. "Mama Gideon, nifungulie. Ni mimi tu, Leonia."

 Komeo likainuliwa, mlango ukafunguka, Bonaventura akatoka, akapita katikati ya watu wote wale, akaenda zake.